Ugonjwa Usioua: Kusoma "The Enduring Chill" ya Flannery O'Connor

Fasihi ya Kikristo inajua sana kufa. Kando ya kitanda cha mgonjwa kuna wimbo, kuna sala, kuna neno la mwisho, halafu kilio. Ambacho haikijui vizuri ni kuishi na ugonjwa usioua: ule unaoamka nao Jumatatu, unakwenda nao ibadani Jumapili, na mwakani utakuwa nao bado. Hadithi fupi ninayoijua mimi iliyokamata jambo hili sawasawa ni "The Enduring Chill" ya Flannery O'Connor, jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "baridi isiyoisha". Ilichapishwa mwaka 1958, ikaingia katika kitabu chake cha mwisho, Everything That Rises Must Converge, kilichotoka 1965 yeye akiwa ameshafariki.

Tumjue kidogo mwandishi. O'Connor alizaliwa 1925 Savannah, jimbo la Georgia, Marekani, Mkatoliki katikati ya Waprotestanti. Baba yake alifariki 1941 kwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe: viungo vinavimba na kuuma, figo zinachoka, homa inakuja na kuondoka. Mwishoni mwa 1950, akiwa na miaka 25, ukampata na yeye. Mama yake alimficha. Aliamini ni baridi yabisi mpaka 1952, rafiki yake alipomwambia ukweli. Akabaki kwa mama yake, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji wa Milledgeville. Asubuhi Misa, kisha kuandika saa mbili tatu mpaka nguvu ziishe, mchana barua na kuwatazama tausi wake. Nyonga ikaharibika, akawa anatembea kwa magongo. Alifariki Agosti 1964, miaka 39.

Sasa hadithi. Asbury, kijana wa miaka 25, anarudi kwa treni kutoka New York kwenye shamba la maziwa la mama yake. Uandishi umemshinda, na ana hakika anakufa. Na kusema kweli kifo anakitaka, maana kitampa heshima ambayo kalamu haikumpa. Ameshamwandikia mama yake barua ndefu, imejaza madaftari mawili, ya kusomwa akishazikwa. Daktari wa kijijini anayemdharau anakuja kumtoa damu, naye anamwona mshamba tu.

Halafu anaomba aletewe padri. Si kwamba anaamini, la hasha. Anataka Mjesuiti msomi wa kuzungumza naye mambo makubwa kabla ya kufa. Anayekuja ni Padri Finn, mzee mwenye jicho moja bovu na sikio moja zito. Kijana anaanza habari za waandishi. Padri anamuuliza kama anasali. Kijana anasema msanii anasali kwa kuumba. Padri anamuuliza habari za katekisimu. Nimeisoma sehemu hii mara nyingi na bado nacheka peke yangu. Lakini ukishacheka, unabaki na jambo zito. Yule mzee hana falsafa yoyote ya maumivu, wala hatafuti sababu. Kwake, mgonjwa bado ni mtu mwenye wajibu wa kusali leo. Kuumwa hakujampandisha cheo wala kumpa likizo.

Mwishoni daktari anarudi na jibu. Ni brusela, ile inayotupisha ng'ombe mimba. Asbury aliipata kwa kunywa maziwa mabichi, eti aonyeshe urafiki na wafanyakazi weusi wa shambani. Haitamuua. Itakuja, itaondoka, itarudi tena, maisha yake yote. Mama amefurahi. Kijana amelala akitazama doa la unyevu kwenye dari, doa ambalo tangu utotoni lilimfanana na ndege mkali, na sasa anaona ndege huyo anashuka. Ni Roho Mtakatifu, ila amekuja kwa barafu badala ya moto.

Kuna wanaosoma mwisho huu kama adhabu. Mimi naona vinginevyo. Angalia Roho anashuka saa gani: hashuki Asbury alipodhani anakufa, anashuka siku anapoambiwa ataishi. Kufa kungekuwa rahisi, kungemaliza hadithi yake vizuri. Kinachomtisha ni miaka iliyo mbele, kila homa inayokuja, bila watazamaji. Na anayedhani O'Connor anamcheka mgonjwa kikatili akumbuke treni ile, umri ule, shamba lile la mama. Anajicheka mwenyewe.

Hadithi hii inanigusa kwa sababu mgongo wangu unauma mwaka wa tisa sasa. Nimewahi kuambiwa imani yangu ni haba, na aliyeniambia alikuwa ananipenda. Katika ibada nyingi zetu kuna nafasi ya ushuhuda kwa aliyepona. Anayeendelea kuumwa hana nafasi kwenye ratiba. Sisi tulioona foleni za magari za mwaka 2011 kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, tunajua maumivu ya muda mrefu yanavyomfikisha mtu mbali. Siwacheki walioenda. O'Connor naye alisafirishwa na ndugu yake hadi Lourdes, Ufaransa, mwaka uleule wa 1958, na akaingia katika maji yale. Lakini katika barua zake, zilizochapishwa 1979 kwa jina The Habit of Being, anasema aliombea riwaya aliyokuwa akiiandika kuliko mifupa yake. Riwaya hiyo, The Violent Bear It Away, ilitoka 1960. Sala hiyo sijaweza kuisali, ila naielewa: alimwomba Mungu kazi ya kufanya ndani ya mwili uleule aliokuwa nao.

Nina malalamiko mawili. La kwanza, O'Connor anaficha usiku. Katika hadithi na hata katika barua, maumivu yanageuzwa utani kabla hayajauma. Msomaji anayetafuta ruhusa ya kulia mbele za Mungu bila kumalizia na "lakini Mungu ni mwema" hataipata hapa. Aende Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na waliokusanya Biblia wakaiacha hivyo hivyo.

La pili ni zito zaidi. Wale wafanyakazi weusi, Randall na Morgan, wana akili kuliko Asbury, maana wao maziwa yale hawakuyagusa. Hata hivyo tunawaona kwa nje tu. Na barua zake zina maneno ya dharau juu ya watu weusi, kiasi kwamba 2020 Chuo Kikuu cha Loyola cha Maryland kiliondoa jina lake kwenye jengo. Ibada iliyomfundisha kuvumilia mwili wake haikumponya ugonjwa huo mwingine. Tukimsoma, tumsome na hilo mkononi, maana linatuonya tusidhani kwamba kuteseka kunamtakasa mtu kwa kila kitu.

Bado naipendekeza hadithi hii kwa yeyote anayeulizwa kila wiki "unaendeleaje?" na hana jipya la kujibu. Soma hadithi kwanza, barua baadaye. Hutapata humo sababu ya maumivu yako. Utakutana na padri mzee, mwenye jicho bovu, anayekuuliza swali moja tu: leo umesali?