Teke Lisilo na Chanzo

Kosa la filamu ya Tsotsi haliko mwishoni, ambako wengi wamekuwa wakilitafuta. Liko kitandani mwa mama. Onyesho mnalikumbuka: kisengerenyuma kinafunguka, David mdogo, ambaye ndiye Tsotsi wa baadaye, yuko chumbani kwa mama mgonjwa, mama anaomba amshike mkono, baba anaingia amefura kwa hasira na kumkataza mtoto asimsogelee. Nje mbwa anabweka. Baba anatoka, anamtandika teke, anamvunja mgongo, na mtoto anatimua mbio hadi kwenye mabomba ya saruji yatakayokuwa nyumba yake. Ni dakika chache tu, zimepigwa kwa mwanga mzuri, na machozi yanamtoka mtazamaji. Lakini hapo ndipo Gavin Hood, aliyeandika skripti na kuiongoza mwenyewe, alipokata mshipa wa riwaya ya Athol Fugard, na yote yanayofuata, hadi ile mikono iliyoinuliwa juu, yanatokana na mkato huo.

Rudini kitabuni. Riwaya ilichapishwa mwaka 1980, ingawa Fugard aliiandika takriban miaka 20 kabla ya hapo, na mahali pake ni Sophiatown ya Johannesburg wakati serikali ya makaburu inapoibomoa. Humo mama wa David si mgonjwa. Ni mzima, tena ana furaha, kwa sababu mumewe aliyekuwa mbali kwa miaka mingi yuko njiani kurudi. Usiku polisi wanavamia kwa msako wa pasi, wanamsomba mama, na mtoto anabaki peke yake gizani. Baba anafika na kukuta nyumba tupu. Anaita, haitikiwi. Kiumbe pekee kilichobaki kumpokea ni mbwa jike wa rangi ya manjano, mwenye mimba, na teke ambalo lingestahili kuwapata waliomchukua mkewe linamshukia mbwa huyo. Mgongo unavunjika. Mnyama anajikokota kwa miguu ya mbele kumwelekea mtoto, kisha anazaa vitoto vilivyokufa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa habari za pasi. Wazee wa Kenya walikivaa kipande shingoni. Na anayeijua historia ya Afrika Kusini anakumbuka wanawake wapatao 20,000 walioandamana hadi Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 kuikataa pasi hiyohiyo. Fugard hakuibuni hofu ya mama yule. Aliichukua barabarani.

Sasa yawekeni mateke hayo mawili pamoja. Mguu ni uleule, mbwa ni yuleyule, mgongo unavunjika vilevile. Kitabuni teke lina safari: sheria ilimtuma polisi, polisi akambeba mama, pengo la mama likamfikia baba, baba akamgeukia mbwa, na mbwa akamjia mtoto akiburura miguu yake. Ukiuliza nani aliyemfinyanga jambazi huyu, jibu unalo, tena lina anwani. Kwenye filamu safari hiyo inakwama kwa baba. Kwa nini ana hasira kiasi kile? Mbali na kuuogopa ugonjwa, hatupewi sababu. Ni mkali kwa kuwa ni mkali. Ukatili umekuwa tabia ya mtu mmoja ndani ya chumba kimoja, na ukishaufanya hivyo, wokovu nao hauna budi kuwa wa mtu mmoja: kijana avae shati jeupe, arudishe mtoto mchanga aliyemwiba, apandishe mikono. Polisi waliokuwa wezi wa mama kitabuni wamekuwa walinzi wa geti. Fugard anaufunga mduara kwa namna nyingine kabisa. Tingatinga zinakuja kubomoa gofu ambamo Tsotsi amemficha mtoto mchanga, anakimbilia ndani kumwokoa, na ukuta unamwangukia. Mkono uliomchukua mama usiku ule umerudi mchana kumchukua na mwana.

Ushahidi kwamba mshipa ulikatwa umetolewa na watengenezaji wenyewe. Miisho mingine miwili ilipigwa na ikatolewa pamoja na diski ya filamu: katika mmoja Tsotsi anauawa kwa risasi, katika mwingine anatoroka. Miisho mitatu inayokaa vizuri sawasawa kwenye hadithi moja ina maana kwamba hakuna hata mmoja unaodaiwa na mwanzo. Jaribuni kuubadilisha mwisho wa Xala ya Ousmane Sembène, riwaya ya 1973 na filamu ya 1975. Haiwezekani. Ombaomba wanaomtemea mate El Hadji wamekuwa wakitembea kuelekea nyumbani kwake tangu mwanzo, kwa sababu kuna ardhi iliyoporwa nyuma ya utajiri wake, na mate yale ni deni linalolipwa. Sembène aliuacha mwisho mahali pake kwa kuwa hakuwa ameigusa sababu yake.

Najua pingamizi la kwanza, na ni la haki. Hood aliihamishia hadithi Johannesburg ya baada ya 1994, pasi ilikuwa imekwisha kufutwa, sasa polisi wa pasi angewatoa wapi? Isitoshe, filamu ya miaka ya 1950 ni ghali. Suala la fedha halinishughulishi sana. Amil Shivji alipoileta Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwenye sinema mwaka 2021, aliibakiza katika Zanzibar ya ukoloni, na mapenzi ya Denge na Yasmin hayakuvuliwa harakati za uhuru ili yawe mepesi. Suala la wakati ndilo zito, na jibu lake lilishatolewa mwaka 1966. Hadithi fupi ya Sembène, La Noire de..., iliyotoka mwaka 1962 ndani ya mkusanyiko wa Voltaïque, imewekwa mwaka 1958, Senegal ikiwa bado koloni. Kwenye filamu aliisogeza baada ya uhuru, hatua ileile aliyoichukua Hood. Lakini tazameni alichofanya baada ya kuisogeza. Alijiuliza nguvu iliyomuua Diouana, msichana wa kazi wa hadithi hiyo, sasa inavaa nguo gani, akaitafuta, akaipata: wasichana wamepangwa kando ya barabara ya Dakar wakisubiri kuajiriwa, na mama wa Kizungu anapita akichagua kama anayechagua nyanya. Kisha akaongeza kinyago, kitu ambacho hadithi fupi haina. Diouana anakitoa zawadi kwa waajiri wake, kinatundikwa ukutani Ufaransa kama pambo, na baada ya kifo chake kinarudi Dakar usoni mwa mtoto anayemfuata yule bwana mwajiri hatua kwa hatua hadi anapata woga. Sembène hakuwa mtumwa wa maandishi, na sidai Hood angekuwa mtumwa. Nadai angetafuta kama mwenzake alivyotafuta.

Na hakuwa na safari ndefu. Kuondolewa watu kwa nguvu hakukuisha Johannesburg pamoja na ubaguzi wa rangi. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ililazimika kuiambia serikali ya jiji kwamba haiwezi kuwatoa zaidi ya wakazi 400 wa majengo mabovu, yakiwemo ya Olivia Road huko Berea, bila kwanza kukaa nao na kuzungumza. Mgogoro huo ulikuwa hai filamu ilipokuwa ikitengenezwa. Tingatinga lilikuwepo, mlango wa kugongwa usiku ulikuwepo.

Pingamizi la pili ni kwamba UKIMWI ndio uliokuwa msiba wa zama zile, na Hood aliutumia kama Fugard alivyoitumia pasi. Laiti angeutumia hivyo! Ugonjwa ule Afrika Kusini ulikuwa na serikali ndani yake. Mwaka 2002 mahakama hiyohiyo iliamuru nevirapini itolewe katika hospitali za umma kwa wajawazito wenye VVU baada ya wizara kuibania. Hata kama mama wa David alikufa kabla ya shauri hilo, foleni ya kliniki au dirisha lililofungwa lingetosha kutuonyesha kwamba kuna mtu mahali fulani aliyeamua. Filamu inatuachia bango la stesheni na kitanda. Ugonjwa unaingia kama mvua inavyonyesha, bila aliyeutuma.

Mengine yamefanywa vyema. Macho ya Presley Chweneyagae, anayemwigiza Tsotsi, yanasema yasiyo kwenye skripti. Kuwarudishia wahusika tsotsitaal, lugha ambayo riwaya ya Kiingereza ilikuwa imewavua, ni uamuzi bora kuliko yote. Na Morris, yule ombaomba, bado anasema miguu yake iliishia mgodini. Tuzo ya Oscar ilikuja Machi 2006, mwaka uleule Sophiatown iliporudishiwa jina lake baada ya miongo ya kuitwa Triomf, yaani Ushindi. Majaji wa ng'ambo huipenda sana Afrika inayojuta yenyewe kwa yenyewe, pasipo mtu mwingine kudaiwa chochote, na hilo nimeliandika mara nyingi na nitaendelea kuliandika.

Mkato wenyewe ulikuwa rahisi kuuepuka. Msako ni kitu cha kamera kuliko kitanda cha mgonjwa: mlango, tochi mbili, buti, jina la mama likiitwa kwa sauti asiyoijua mtoto, halafu mlango ukibaki wazi na mbwa akibweka kwenye mnyororo. Dakika zilezile zingetosha.