Hoja ya Aliyeshindwa

Ramadhani ikielekea ukingoni, swali huwa moja tu hapa Section 58, Nakuru: mwezi umeandama? Wako wanaosubiri tangazo la Kadhi Mkuu, na wako wanaofungua pamoja na Makka. Majirani wa ukuta mmoja wanaweza kuswali Idi siku mbili tofauti. Nami huwakumbuka marabi wa Kiyahudi wa Yavne, waliovutana juu ya mwezi huohuo yapata miaka 1,900 iliyopita. Kuamua kati ya wajuzi wawili bila kumfuta mmoja wao ni kazi ya ustadi, na marabi wale waliiweza.

Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa mwaka 70, na baraza la wanazuoni likawa Yavne. Siku moja, mbele ya Rabani Gamalieli aliyeliongoza, wakaja mashahidi wawili wakidai wameuona mwezi. Usiku uliofuata, ambapo kila mwenye macho angeuona, haukuonekana. Gamalieli akaupokea ushahidi vilevile. Rabi Dosa akasema hao ni waongo: mwanamke hajifungui leo, kesho akaonekana na mimba ileile. Rabi Yoshua akamuunga mkono. Ndipo Gamalieli akampelekea Yoshua amri: siku ambayo kwa hesabu yako ni Siku ya Upatanisho, njoo kwangu na fimbo yako na pesa zako. Yaani aivunje, watu wakiona, siku aliyoamini ndiyo takatifu kuliko zote.

Yoshua aliumia sana. Miongoni mwa waliomtuliza ni Dosa huyohuyo aliyeanza kupinga: tukiichokonoa mahakama hii, itabidi tuzichokonoe zote tangu zama za Musa. Yoshua akashika fimbo, akachukua pesa, akaenda. Gamalieli akasimama, akambusu kichwani, akamkaribisha kama mwalimu wake kwa hekima na mwanafunzi wake kwa kukubali uamuzi.

Watu wa taifa moja hawawezi kufunga siku mbili, kwa hiyo ilibidi mmoja akubali. Lakini hoja ya Dosa imo katika Mishna, kitabu cha sheria zao, hadi leo, na ukiisoma unaona ina nguvu. Tena Gamalieli hakuachiwa afanye atakavyo. Baadaye alipomsimamisha Yoshua mbele ya wanafunzi ili kumdhalilisha, baraza lilimvua uongozi. Gamalieli alikwenda kumwomba Yoshua radhi nyumbani kwake, akakuta kuta nyeusi kwa masizi ya kazi ya mikono, jambo ambalo kiongozi yule hakuwa amelijua. Baada ya kusamehewa ndipo akarudishwa.

Katika mabishano ya marabi, kwa kawaida walio wengi ndio hushinda. Rabi Eliezeri alipopinga wenzake kuhusu tanuri, Talmudi, mkusanyo wa mijadala yao, inasimulia kwamba hata sauti ya mbinguni ilimtetea, nao wakajibu kuwa sheria haiko mbinguni tena. Kisha wakamtenga, naye akalia. Sehemu hiyo huniuma, na nashukuru kwamba hawakuificha.

Wafuasi wa mwalimu Hileli nao walipendelewa kuliko wa mwalimu Shamai kwa sababu walikuwa wapole, na kila mara waliieleza rai ya wapinzani kabla ya yao. Makundi hayo mawili yalitofautiana hadi katika sheria za ndoa, lakini hayakuacha kuoana. Sisi tulioiona Nakuru ya Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tunajua uzito wa jambo hilo.

Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200, inaeleza kwa nini rai ya wachache huandikwa: pengine mahakama ya kesho itaihitaji. Ng'ambo ya Malaba, karibu na Mbale nchini Uganda, jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 inaifuata dini iliyojengwa juu ya mabishano hayo. Na Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne walishinda wawili, ila sababu za Ojwang na Njoki Ndung'u zilichapishwa, na yeyote anaweza kuzisoma.

Katika vikao vyetu vya majirani vya Nyumba Kumi hatujafika hapo. Tukibishana juu ya ulinzi au taka, kumbukumbu hubeba uamuzi tu. Ombi langu kwa makatibu ni dogo: chini ya uamuzi, ongezeni mistari miwili ya hoja iliyoshindwa, na msiisahau sababu yake.