Nyumba Iliyotoka Baharini

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, usiishie kwenye ngome ya Gereza na Msikiti Mkuu. Shika njia ya miguu kuelekea mashariki mpaka juu ya genge, bahari ikiwa chini yako. Hapo ndipo Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipojijengea makao katika karne ya 14. Panaitwa Husuni Kubwa, jina la ngome, lakini mimi kila nikipatazama naiona nyumba ya mtu aliyependa upepo.

Vyumba vyake vilipita mia moja. Kuna ua wenye ngazi pana za kukalia, birika la kuogea la pembe nane, na ngazi inayoteremka gengeni hadi ufukweni, palipokuwa na msikiti. Ujenzi haukumalizika. Hata hivyo, ufundi uliobaki unatosha kumfunza mtu.

Tazama jiwe. Tumbawe laini la baharini huchongwa likiwa bichi. Wakati huo hukubali patasi kama muhogo unavyokubali kisu. Likishakauka juani huwa gumu, na nakshi iliyomo hudumu. Fundi hana nafasi ya kusitasita. Matumbawe mengine yalipangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa chokaa, na chokaa hiyo ikaenda kuwashikanisha ndugu zake ukutani.

Dari nayo ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haibebi dari pana kupita mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya mawe vya pwani yetu ni virefu na vyembamba. Mti ndio uliopima upana wa chumba, mwenye nyumba awe mfanyabiashara au sultani. Palipotakiwa zaidi, mafundi waliumba kuba kwa mawe na chokaa. Naustahi sana unyenyekevu huo.

Siku hizi mtu akipata kiwanja juu ya kilima cha bahari, wa kwanza kufika ni tingatinga. Kilima kinasawazishwa, mbuyu unang'olewa, vioo vinasimamishwa kulikabili jua, kisha viyoyozi vinaunguruma mchana kutwa huku kusi ikipita nje bure. Naumia nikiona hivyo, kwa sababu kilima kilikuwa na kila kitu: mteremko wa kushukia ngazi, kivuli cha baraza, na pepo mbili za mwaka zinazojulikana zinakotoka. Anayetaka kujenga hapo akae kwanza kiwanjani wakati wa kaskazi, arudi wakati wa kusi, ndipo aamue dirisha litazame wapi.

Kwa hiyo, wewe uliyejaliwa kiwanja cha namna hiyo, kabla hujamwita mchora ramani, vuka uende Kisiwani. Keti kwenye zile ngazi za uani mpaka jasho likauke. Ukimaliza, teremka ufukweni, uguse mwamba, kisha urudi juu uguse ukuta. Ni jiwe lile lile.