Marehemu Apewe Simu?

Utawasikia wakubwa wakisema ati vijana wa leo hatusomi wasifu wa watu wa kale kwa sababu simu zimetumeza akili. Mimi naona lawama hiyo imeegemea upande mmoja. Wasifu mwingi tuliokutana nao shuleni uliandikwa kama risala ya kumsomea mgeni rasmi: kazaliwa mwaka fulani, kasoma pale, kapewa cheo hiki, kafariki. Ukimaliza unajua tarehe zake zote, lakini hujui mtu huyo alikuwa anaogopa nini. Sasa wenzetu wa nchi nyingine wamewatia marehemu kwenye simu, na vijana wakawafuata. Sisi tunaotaka kuandika hebu tuangalie walichofanya, kizuri na kibaya.

Mfano wa kwanza ni Eva.Stories, uliowekwa Instagram mwanzoni mwa Mei 2019 na Mwisraeli Mati Kochavi na binti yake Maya. Eva Heyman alikuwa msichana wa Kiyahudi wa mji wa Nagyvárad, uliokuwa Hungaria wakati huo. Leo unaitwa Oradea na uko Romania. Alianza shajara yake siku alipotimiza miaka 13, Februari 1944. Mwezi uliofuata majeshi ya Hitler yakaingia Hungaria, na kabla mwaka haujaisha Eva akauawa Auschwitz. Kochavi na bintiye walimtumia mwigizaji anayejipiga picha mwenyewe, kana kwamba Eva alikuwa na simu mkononi mwaka ule wa 1944.

Wengi walikasirika wakasema huo ni utani juu ya makaburi. Mimi sikubaliani nao. Katika shajara yake Eva anataka kuwa mpiga picha wa magazeti. Anayo baiskeli nyekundu anayoipenda, na siku moja polisi wanakuja kuichukua. Mtoto wa miaka 15 ukimwambia Wayahudi milioni sita waliuawa, ataandika namba hiyo kwenye daftari ajibie mtihani. Mwambie polisi wamechukua baiskeli ya mwenzake, ataelewa uonevu unavyoanza. Simu ni kifaa cha kigeni katika habari hiyo, sawa, ila sauti ni ya Eva mwenyewe. Waliotengeneza walikuwa na maandishi yake ya kuegemea.

Sasa tazama mfano wa pili. Sophie Scholl alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Munich. Februari 1943 alikamatwa na kaka yake Hans kwa kusambaza vikaratasi vya kumpinga Hitler, na siku nne baadaye wakakatwa vichwa. Mwaka 2021 vituo viwili vya utangazaji vya Ujerumani, SWR na BR, vikamfungulia ukurasa Instagram. Kwa takriban miezi kumi "Sophie" alikuwa anaweka picha na habari zake siku baada ya siku, na watu wakawa wanamjibu kama rafiki aliye hai. Barua na maandishi halisi ya Sophie yapo. Tatizo ni kwamba mle ndani yalichanganywa na mambo ya kubuni, na aliyekuwa akisoma hakuonyeshwa vizuri lipi ni lipi. Wakosoaji wa hukohuko Ujerumani wakawajia juu, na mimi nawaunga mkono. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kubuni kwa sababu jalada linasema hii ni riwaya. Ukimlisha msomaji maneno yako ukamwambia kayasema marehemu, umemdanganya aliye hai na umemsingizia asiyeweza kukujibu.

Mambo haya yanatuhusu. Chukua Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia fukara. Alikuwa anauza vyungu, anatembea kwa miguu kutoka shamba hadi mjini huku akinadi, na hapo ndipo koo lake lilipokomaa. Mwaka 1911 akahamia mjini. Mwaka 1928 akaenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu uliotoka 1958.

Kitabu kile nakiheshimu, bila yeye tungekuwa na makombo tu. Lakini tuseme kweli: mzee alipenda kufundisha. Tukio linaanza kupata moto, anasimama kukupa wasia. Kijana asiyezoea atakiweka chini kabla hajafika Bombay.

Dawa yake, je, ni kumpa Siti simu aseme "Mambo zenu, mimi ni Siti"? Hapana. Siti hakusoma wala kuandika, hakuacha shajara kama ya Eva. Kila neno utakalomtia kinywani litakuwa lako.

Kuna hatari nyingine ninayoiona hata zaidi. Habari yake ikikatwa iwe ya dakika moja, inageuka hadithi ya kutia moyo: binti maskini, akajituma, akaukata. Basi. Hapo umemtupa Siti mwenyewe. Mjini walimcheka kwa kaniki aliyokuja nayo, vazi la watumwa na mafukara, naye akawajibu kwa wimbo. Katika wimbo wa Kijiti aliimba habari ya mwanamke mjamzito aliyeuawa. Muuaji akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakafungwa. Huyo ni mwanamke aliyeisema mahakama ya Mwingereza mbele ya watu. Ukiyaondoa hayo ili video iwe fupi na tamu, umebakiza sura tu.

Kwa hiyo mimi ningeifanya hivi. Kipande cha kwanza, chungu kichwani na njia ya Fumba, bila tarehe ya kuzaliwa. Cha pili, kaniki. Cha tatu, kesi ya Kijiti, halafu msimuliaji anyamaze, santuri ilie, sauti iwe yake mwenyewe pamoja na mikwaruzo yake. Pale ninapokisia niseme nakisia. Mwisho nitaje kitabu cha Shaaban Robert, ili aliyeguswa ajue pa kwenda.

Najua wapo kati yetu wanaodhani kazi ya namna hii ni rahisi kuliko kuandika kitabu. Wajaribu. Dakika moja haikuachii nafasi ya kujificha nyuma ya maneno mengi. Lazima ujue ni kitu gani kimoja kinachombeba mtu mzima, na huwezi kukijua kabla hujasoma vyote. Wenzangu chipukizi, kila mmoja wetu ana Siti wake mtaani au kijijini kwao ambaye hajaandikwa. Kabla hujawasha kamera, kaa na waliomjua, uliza alivaa nini, alidaiwa na nani, alicheka nini. Ukishayapata hayo, mpeleke popote, kwenye kitabu au kwenye simu. Vijana watamfuata.