Sanamu ya Askari na Wapagazi wa Vita

Msafiri atokaye Katumba Songwe, wilayani Kyela, afikapo Dar es Salaam hana budi kusimama mbele ya Sanamu ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1927. Shaba nyeusi imepata pumzi: magoti yamekunjwa kidogo, singe imeelekea bandarini, nayo hatua ifuatayo yaonekana kuwa karibu mno. Kabla yake mji huo ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Wadachi, ambaye jina lake ilipewa pia meli ya Ziwa Nyasa; huko askari Mwafrika aliwekwa chini, akimwinulia bwana wake macho. Stevenson amempandisha juu peke yake, na hilo si jambo dogo.

Walakini maandishi yameishinda sanamu. Rudyard Kipling, aliyetunga maneno ya Kiingereza, aliwaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kiswahili chake kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu pia. Basi miguu na mikono hiyo iko wapi juu ya nguzo? Nairobi, katika sanamu za mwaka 1928, mpagazi amesimama pamoja na askari. Kwa mtu wa Kyela upungufu huu ni mzito, maana Septemba 1914 vita vilivuka mto Songwe kwenda Karonga, na katika nchi isiyo na reli mizigo ilikwenda vichwani mwa watu. Dar es Salaam imemkumbuka mpagazi kwa neno tu: Kariakoo, jina la kikosi chake kwa Kiingereza, lililolainishwa na ndimi za Waswahili.