Kitunguu cha Ua Hupimwa Mkononi

Ukiwekewa mezani vitunguu viwili vya amarilisi vyenye ukubwa sawa, chukua kilicho kizito. Ua limeshaanza kuumbika humo ndani, na chakula chake ni zile tabaka nene unazozibeba mkononi. Chepesi kimeshakula akiba yake ghalani. Kisha kigeuze utazame kitako, pale mizizi inapotokea: kiwe kikavu na kigumu. Kidole kikizama, rudisha kitunguu. Nusa pia, maana harufu ya uchachu ni uozo hata kama ganda la nje linang'aa. Ganda lililochanika halina neno. Vitoto vilivyojibandika ubavuni huwavutia wanunuzi kama nyongeza ya bure, lakini mimi nikitaka maua msimu huu huu nachagua kikubwa kilicho peke yake.

Kwa gladiola, upana hudanganya. Iliyobapa kama chapati, yenye kovu pana chini, imezeeka. Chukua iliyotuna, hata ikiwa ndogo.

Tulipu ziachie nchi za baridi. Bila majuma 12 hivi ya ubaridi kama wa friji hazichanui ipasavyo, na Dar es Salaam haina ubaridi huo.

Ua linalonionyesha ustadi wa mtunza bustani ni la kwetu, Scadoxus multiflorus, lile duara jekundu linalochomoza mvua zikianza, bua moja likibeba hata vijiua 200. Kwa asili hupenda kivuli. Ukiliona limepangwa mstari juani kando ya njia ya gari, aliyelipanda hakulijua. Anayelijua huweka saba au tisa pamoja chini ya mti, bila kupima nafasi kwa rula, yakachomoza kama yalivyojiotea. Majani huendelea kukua baada ya ua, na hapo ndipo wengi huharibu: huyakata yangali mabichi ili pawe nadhifu, kumbe ndiyo yanayojaza kitunguu kwa mwaka ujao.

Kwa hiyo bustani ya vitunguu naikagua wakati wa kiangazi, wakati hakuna ua hata moja. Natafuta kijiti cha alama mahali vilipolala, udongo mkavu usiomwagiliwa, na mimea mifupi jirani inayofunika uwazi. Natazama pia kama vya akiba vimetengwa mbali na jikoni, kwa sababu vina sumu, na gizani vinafanana mno na vya mboga.