Futikamba Kwanza, Programu Baadaye

Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi iliyohusu kampuni ya Lento Agencies, ilisisitiza kanuni ambayo mawakili wa kesi za ajali huitaja hadi leo: pakikosekana ushahidi thabiti wa kuonyesha ni dereva yupi kati ya wawili aliyekosa, wote wawili hubebeshwa lawama sawasawa. Kwa mwendesha bodaboda wa Sori aliyevunjika mguu akiwa upande wake wa barabara, maana yake ni kwamba nusu ya fidia imeyeyuka. Karatasi moja inaweza kuirudisha, nayo ni mchoro wa eneo la ajali uliopimwa vizuri.

Ndiyo maana swali la programu nafuu ya kuchorea ajali haliwahusu mafundi wa kompyuta peke yao. Linamhusu wakili mchanga wa Migori, mkaguzi wa bima anayelipwa kwa kila faili, na viongozi wa chama cha bodaboda wanaotaka kumtetea mwenzao. Ukianza kutafuta, utakutana kwanza na majina makubwa: PC-Crash ya Austria, FARO Zone ya Marekani, Virtual CRASH. Ni programu nzuri. PC-Crash haiishii kuchora, bali huiga mwendo wa magari kwa kanuni za fizikia, kabla ya kugongana na baada yake, na mtaalamu wa kuchambua ajali ana haki ya kuitamani. Lakini faili nyingi zinahitaji mchoro bapa tu: barabara, magari yalipotulia, alama za breki, vioo vilivyotapakaa, na umbali kati ya vitu hivyo. Mwenye kazi ya aina hiyo akinunua programu kubwa, sehemu kubwa ya fedha zake inaingia kwenye maktaba ya picha zilizotayarishwa kwa ajili ya barabara za nchi nyingine.

Kuna hatari nyingine katika picha hizo za tayari, hasa zile za bure zinazopatikana mtandaoni. Nyingi zimechorwa kwa ajili ya nchi ambako magari hupita kulia. Mishale ya njia, mzunguko wa magari kwenye keepilefti, alama ya kutoa nafasi, vyote viko kinyume na Kenya. Mchoro wenye kosa kama hilo ukifika mahakamani, wakili wa upande wa pili hatahitaji kuuliza maswali mengi. Jibu langu kuhusu programu ni LibreCAD, lakini programu ni hatua ya mwisho ya kazi hii, na ubora wa mchoro huamuliwa barabarani kabla ya kompyuta kuwashwa.

Sori iko ukingoni mwa Ghuba ya Karungu, Nyatike, katika Kaunti ya Migori. Kuna njia ya kwenda Macalder na Migori, ya kwenda Muhuru Bay karibu na mpaka wa Tanzania, na ya kaskazini inayoingia Kaunti ya Homa Bay kuelekea Sindo na Mbita. Probox za abiria, bodaboda na magari ya kubeba samaki hutumia lami hiyo hiyo, kisha hukata kona kuingia vijia vya murramu vinavyoteremka ziwani. Tuchukue mfano wa kubuni: Probox inatoka Sori, bodaboda inachomoza kutoka kijia cha ufuoni, wanagongana karibu na kalvati. Polisi wa trafiki wanafika, wanajaza fomu ya P41 na kuchora kwa mkono. Baadaye mtu mwingine anataka kuandaa mchoro safi wa skeli.

Kishawishi cha kwanza ni simu. Mtu husimama kwenye kila alama, hubonyeza, na kuchukua nambari za GPS. Hilo lisifanyike. Simu ya kawaida, mbingu zikiwa wazi, hukosea kwa takriban mita 5. Njia moja ya gari ina upana wa mita 3 na nusu au pungufu. Kosa la mita 5 linatosha kabisa kuihamisha Probox kutoka upande wake hadi upande wa bodaboda, na swali zima la kesi ni hilo hilo la nani alikuwa upande wa nani. GPS itumike kuonyesha ajali ilitokea sehemu gani ya barabara, basi. Vipimo vya ndani ya eneo vichukuliwe kwa futikamba ya mita 50 na watu wawili, chaki ikiwa mkononi.

Penye lami iliyonyooka, ukingo wa lami hufanywa mstari wa msingi. Unachagua sifuri isiyohama, tuseme pembe ya kalvati, unapima urefu kando ya ukingo hadi ulipo usawa wa kitu, kisha unapima kwa pembe mraba kutoka ukingoni hadi kwenye kitu chenyewe. Nambari mbili kwa kila alama. Gari lililotulia hupimwa magurudumu mawili angalau, kwa sababu gurudumu moja halisemi gari limeelekea wapi.

Kwenye murramu mambo ni magumu zaidi, maana ukingo wa barabara huliwa na mvua na kila mtu huuona mahali pake. Hapo hutumika pembetatu: vitu viwili visivyohama, kwa mfano pembe ya kalvati na nguzo ya umeme, na kila alama hupimwa umbali wake kutoka vyote viwili. Tuseme kati ya kalvati na nguzo pana mita 32, na gurudumu la mbele la pikipiki liko mita 18 kutoka kalvati na mita 26 kutoka nguzo. Nambari hizo tatu zinatosha. Na hapa ndipo LibreCAD inapojipatia heshima yangu. Unachora duara la nusu kipenyo cha mita 18 kwenye kalvati, duara la mita 26 kwenye nguzo, na gurudumu liko pale maduara yanapokatana. Hakuna hesabu, hakuna kukisia. Maduara hukatana mara mbili, kila upande wa mstari mara moja, kwa hiyo daftari la barabarani lazima liseme alama ilikuwa upande gani, wa ziwani au wa bara. Neno hilo moja likisahaulika, mchoro unaweza kugeuka wote.

Kona nayo ina hila yake nyepesi. Nyoosha futikamba mita 20 kutoka sehemu moja ya ukingo wa nje hadi nyingine, kisha pima katikati: kutoka kwenye futikamba hadi ukingoni pana kiasi gani? Ikiwa ni nusu mita, chukua 20 mara 20, gawanya kwa mara 8 ya nusu mita, ongeza nusu ya nusu mita. Nusu kipenyo cha kona ni mita 100 na robo. Nambari hiyo ndiyo inayoingizwa kwenye programu, na kona inajichora ilivyo badala ya kupindwa kwa macho.

LibreCAD ilizaliwa kutokana na toleo huria la QCAD. Haina ada, ni nyepesi kiasi cha kufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu ya saiba, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Kila kitu ndani yake huchorwa kwa vipimo halisi: ukiambiwa mita 4.2, unaandika 4.2. Ina matabaka, hivyo barabara hukaa tabaka moja, alama za breki tabaka jingine, maelezo ya mashahidi tabaka la tatu linaloweza kuzimwa. Utengano huo una uzito wa kisheria, kwa sababu kilichopimwa na kilichosimuliwa ni vitu viwili tofauti na havifai kuchanganywa kwenye mstari wa rangi moja. Magari huhifadhiwa kama bloku: Probox ya urefu wa karibu mita 4.2 na upana wa mita 1.7, pikipiki ya mita 2, matatu ya kawaida ya HiAce, lori. Ukizichora mara moja kwa vipimo sahihi, unazo kwa kila faili litakalokuja. Mchoraji mwenye subira huimaliza maktaba hiyo ndogo kwa siku chache, na ikawa yake, ya barabara za kwao.

Inkscape huchora vizuri kuliko LibreCAD, tena bila malipo, lakini ilitengenezwa kwa wasanii na inakuacha uburute vitu kwa kipanya hadi vipendeze. Nisingemkabidhi mtu anayeanza. LibreOffice Draw inafaa kwa mchoro wa fomu ya bima usiodai usahihi mkubwa. QGIS, programu ya ramani, ni nzito, nayo ina kazi yake tofauti: mchoro wa ajali nyingi, si moja. Miaka ya 1970 watafiti wa maabara ya barabara ya serikali ya Uingereza, TRRL, walilinganisha viwango vya ajali na umbo la barabara za mashambani nchini Kenya na Jamaica, na swali lao lilikuwa la namna hiyo: barabara gani inaua, na kwa nini. Kaunti ikitaka kujua ni makutano gani kati ya Sori na Macalder yanayorudia kuumiza watu, ifungue QGIS, ichague kanda ya 36 Kusini ya mfumo wa UTM, na kuweka nukta moja kwa kila ajali. Mita 5 za simu hapo hazina madhara. Kitakachodhuru ni kuweka nukta hizo juu ya ramani za zamani za Kenya zinazotumia mfumo wa Arc 1960 bila kubadilisha mfumo, kwa maana tofauti yake na GPS ni takriban mita 300.

QGIS ina jambo jingine moja linalostahili kujulikana na kila mkaguzi. Alama za breki hufutika upesi, na mara nyingi kilichobaki ni picha ya simu iliyopigwa na mpita njia. Ikiwa katika picha hiyo yanaonekana mambo manne yaliyo bado barabarani, ambayo hakuna matatu kati yake yaliyo kwenye mstari mmoja, kama vile ncha za mistari iliyopakwa na pembe za kalvati, unaweza kwenda kuyapima leo, ukayaingiza kwenye kifaa cha kusawazisha picha kwa ramani, ukachagua mbinu ya projektivu, na picha ya kuinama ikageuzwa kuwa mwonekano wa kutoka juu. Alama za breki zilizofutika zinapimika tena. Sharti ni kwamba barabara iwe tambarare. Gari lenyewe, kwa kuwa lina kimo, litapotoka vibaya na lisipimwe humo.

Urefu wa alama za breki ndio unaowashawishi watu kuandika mwendo kasi juu ya mchoro. Hesabu yake ni fupi: mara mbili ya msuguano, mara mvuto wa dunia, mara urefu wa alama, kisha kipeuo cha pili. Alama za mita 20 kwenye lami kavu yenye msuguano wa 0.7 hutoa karibu kilomita 60 kwa saa. Badilisha msuguano uwe 0.5, kama kwenye lami iliyotapakaa changarawe, na alama zile zile hutoa 50. Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 katika vituo vya biashara, kwa hiyo dereva yule yule ni mkosaji au si mkosaji kutegemea nambari ambayo mchoraji aliichagua akiwa amekaa mezani. Mchoro useme uso wa barabara ulikuwaje siku ile, ukavu, changarawe, mafuta, na uache hesabu kwenye ripoti ambako mtaalamu anaweza kuulizwa maswali.

Mahakamani, mchoro uliotoka kwenye kompyuta huangukia kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachodai cheti cha kueleza rekodi ilitengenezwa vipi na kwa kifaa gani. Daftari la vipimo lenye udongo wa Karungu libaki kwenye faili pamoja na cheti hicho, lisinakiliwe upya kwa hati nzuri.

Limebaki suala la kuchapa. Kwa skeli ya 1:200, sentimita moja ni mita 2, na karatasi ya A4 ikilazwa hubeba karibu mita 59 za barabara kabla ya kutoa pambizo. Lakini printa nyingi zimepangwa kupunguza ukurasa ili uenee karatasini, na mashine ya fotokopi ya karani inaweza kuupunguza tena. Maneno “skeli 1:200” yanabaki pale pale yakiwa yamekuwa uongo. Chora upau wa mita 10 ndani ya mchoro wenyewe, chini ya mshale wa kaskazini. Mchoro ukipungua nao utapungua kwa kiasi hicho hicho, na hakimu mwenye rula ataweza kupima nakala yoyote iliyomfikia.